Ubeti Mmoja Kabla ya Kupanda Ngazi

Honi ilipolia siku ile, hakuna aliyeshtuka. Mama wa chai pale getini aliendelea kumimina, madereva wa malori ya mawe wakaendelea na ubishi wao wa mpira, na hata mbwa aliyelala chini ya benchi hakuinua sikio. Ni Fundi peke yake aliyeweka kikombe chini na kukimbilia chumba cha pampu. Nyuma yake akasikia mtu akisema, kwa sauti ya kutaka asikike, "Nimemaliza huyo. Anakwenda kumaliza."

Hilo ndilo jina walilompachika. Lilianza siku alipobadilisha kifaa cha umeme kinacholisha kompyuta ya pampu, akatoka nje anajifuta jasho, akawatangazia watu wote kwamba amemaliza, honi ile sasa wataisahau. Kabla hajafika kwenye benchi, honi ikalia. Baadaye akafunga feni mpya ndani ya sanduku la kompyuta, akasema tena kwamba amemaliza, safari hii kwa sauti ya chini kidogo, na honi ikamstahi mpaka saa ya chakula cha mchana. Basi. Watu wa mgodini hawana dogo. Wakikupa jina wanalishona kwenye ngozi, halitoki hata ukioga kwa mchanga.

Mgodi wenyewe ulikuwa shimo moja refu lenye ngazi za chuma, na huko chini njia zilizochimbwa kufuata mwamba wenye madini. Ubaya wake ulikuwa jirani. Upande wa pili wa mwamba palikuwa na machimbo ya zamani yaliyoachwa, yamejaa maji ya mvua za miaka mingi, na hakuna aliyejua kwa hakika ukuta uliobaki katikati una unene gani. Maji yalivuja kidogo kidogo usiku na mchana, yakajikusanya katika kisima kilichochimbwa chini kabisa, na pampu mbili zikayavuta mpaka juu. Kompyuta ndogo, haizidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo za ibada, ilikaa ukutani ndani ya sanduku la chuma ikisoma boya lililoelea kisimani, lenye kamba ndefu iliyofika mpaka juu. Boya likipanda, pampu zinaongezewa kasi. Likivuka mstari mwekundu, honi zinalia, moja juu na moja shimoni. Na amri iliyopakwa rangi kwenye mdomo wa shimo ilisema wazi: honi ikilia, acha kila kitu, panda.

Tatizo ni kwamba honi ililia na maji hayajapanda.

Fundi alipata kumweleza jambo hili mama mkwe wake, jioni moja alipoulizwa kwa nini harudi tena nyumbani na uso wa kawaida. Mama mkwe alikuwa amehamia kwao tangu alipomzika mumewe. Alikuwa mwanamke wa sala, asiye na haraka, anayesikiliza neno mpaka lifike mwisho ndipo aulize lake. Fundi alimwambia kwamba ndani ya kompyuta ile mna mlinzi. Si mtu, ni kidude cheusi chenye miguu kama mdudu, na kazi yake ni moja tu, kungoja. Kompyuta inatakiwa imguse kila baada ya muda mfupi, kama kumwambia niko macho. Ikiduwaa, kama mtu anavyoweza kushikwa na usingizi akiwa amesimama, mlinzi haulizi swali. Anaizima na kuiwasha upya. Na kompyuta ikiamka huanza kwa kujikagua: inasimamisha pampu, inapima boya, inajaribu honi. Honi inalia mpaka ukaguzi uishe, kisha inanyamaza na pampu zinaendelea. Ndivyo ilivyotengenezwa na walioitengeneza.

"Kwa hiyo kinachoiliza si maji," alisema mama mkwe. "Ni huyo mlinzi."

"Ndiye, mama. Anaiamsha kompyuta kila mara."

Mama mkwe aliendelea kuchambua mchele wake kwenye ungo. "Na hiyo kompyuta husinzia kweli, au mlinzi ana papara?"

Fundi akamwambia kuwa akilijua hilo, atakuwa ameijua shida yote.

Aliyekuwa akiisikia honi hiyo shimoni ni Kidevu. Kidevu alikuwa kitinda mimba wa mama mkwe, ndugu wa mkewe Fundi, na kiongozi wa zamu ya mchana. Jina alilipata kwa ndevu zilizogoma kuota popote isipokuwa nchani mwa kidevu, naye akazitunza kama bustani. Tangu Fundi alipoposa katika nyumba ile, Kidevu hakuwahi kumpa nafasi ya kupumua. Shemeji kwake alikuwa mtu wa kuchokozwa, na Fundi, ambaye kwa asili ni mkimya, alijifunza kumrudishia kidogo kidogo. Walipendana kwa namna hiyo, bila kuambiana.

Jumapili moja walikuwa mezani, wote wanne, Kidevu akaeleza walivyopata dawa ya ile honi. Mwanzoni walikuwa wakipanda. Wanaacha nyundo, wanapanda ngazi yote hadi juu, miguu inatetemeka, wanafika kwenye jua na kukuta pampu zinavuta kama kawaida na Fundi amesimama mlangoni anawaomba radhi. Kisha ngazi yote tena kushuka. Siku nyingine hilo lilitokea mara nyingi hata kazi yenyewe ikawa ni kupanda na kushuka. Basi yeye akaweka utaratibu. Honi ikilia, kila mtu anaweka chombo chake chini, wanakaa, wanaimba ubeti mmoja wa wimbo wa ibada, taratibu, bila kukimbiza. Honi huwa inanyamaza kabla hawajafika kwenye kiitikio. Ikinyamaza, wanainuka na kuendelea.

"Na isiponyamaza?" dada yake alimwuliza.

"Tunapanda, dada. Ubeti mmoja ni nini?"

Akamgeukia Fundi, akasema kwa heshima ya kuigiza kwamba wanamshukuru shemeji, maana akiendelea hivi watamaliza kitabu kizima cha nyimbo kabla ya mwaka kwisha, na wale waliokuwa hawajui kusali sasa wana sauti ya tatu. Mama mkwe alitikisa kichwa, lakini akatabasamu. Alisema angalau Mungu anatajwa mahali pale penye giza. Mkewe Fundi alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Fundi naye alicheka, ingawa kicheko chenyewe kilimkwama njiani, kwa sababu honi ile ilikuwa mikononi mwake.

Meneja wa mgodi hakuwa mtu wa nyimbo. Alimwita Fundi ofisini, akamwambia kuwa amesikia kuna kijiwaya kimoja ukikikata mlinzi anatoka kazini na kelele zinakwisha. Kwa nini hakikatwi. Fundi alimjibu kwamba ni kweli kipo, na kukikata ni kazi ya dakika. Ila siku kompyuta itakapoduwaa kweli, pampu zitasimama kimya, honi itakuwa kimya, maji yatapanda kimya, na wa kwanza kujua atakuwa mtu aliyelowa magoti. Meneja akasema haya, basi tafuta, lakini tafuta upesi.

Fundi akatafuta. Alikwisha kubahatisha mara mbili, hakutaka tena kubahatisha. Aliweka kiti mbele ya sanduku, akafunga taa ndogo nyekundu kwenye waya ambao mlinzi huutumia kuizima kompyuta, ili aone kwa macho yake ni nani anayeanza ugomvi. Halafu akaweka mita kwenye waya ambao kompyuta humgusia mlinzi. Alikaa pale akitazama ule mguso ukija na kurudi, sawasawa, kama mapigo ya moyo wa mtu mzima mwenye afya. Honi ikalia. Taa nyekundu ikawaka. Na mguso wa mwisho kabla ya kuzimwa ulikuwa umefika kwa wakati wake, haukuchelewa hata chembe.

Kompyuta haikuwa imesinzia. Mlinzi ndiye aliyekosa subira.

Alipoangalia vizuri aliona pia kwamba ugonjwa hupanda jua linapochoma bati la paa. Feni ilikuwa imepunguza, haikuponya. Ndani ya sanduku, basi, kuna kitu kisichovumilia joto, na sasa kilichobaki ni kujua kipi. Akaenda nyumbani kuazima draya.

Mkewe alikuwa msusi, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho saluni, kina viti viwili, kioo kirefu na harufu ya mafuta ya nywele isiyotoka hata milango ikilala wazi. Alimkuta ana mteja kitini, nywele zinadondosha maji mabegani.

"Draya yangu iko kazini, baba," mkewe alisema bila kugeuka. "Kompyuta yako inakwenda harusini?"

Mteja akacheka mpaka taulo likamwanguka. Lakini alimpa, nywele zilipokauka, akamwonya asiirudishe ina matope.

Fundi alikunja kipande cha boksi kama bomba, akakichomeka kwenye mdomo wa draya ili upepo wa moto upige mahali padogo tu, si bodi yote. Akaanza na ubongo wa kompyuta wenyewe. Akaupasha mpaka hawezi kuugusa kwa kidole. Kimya. Akampasha mlinzi. Kimya vilevile. Akasogea kwenye kapasita moja ndogo iliyokaa ubavuni mwa mlinzi, kitu cha kupuuzwa, kama punje ya dengu. Kabla hajavuta pumzi ya pili, taa nyekundu ikawaka na honi ikapasua hewa. Akaiacha ipoe, akarudia. Honi. Akaipoza kwa kitambaa cha maji, akapasha kila kitu kingine isipokuwa ile. Kimya.

Alikaa chini sakafuni. Kapasita ile ndiyo iliyompa mlinzi subira yake. Hujazwa umeme polepole, kama mtungi chini ya bomba linalodondosha, na kila kompyuta inapogusa, mtungi unamwagwa, unaanza upya. Ukijaa bila kumwagwa, mlinzi anajua mwenzake ameduwaa. Sasa kwa kuchakaa, ikipata joto tu, mtungi ulikuwa unapungua kina. Unajaa kabla mkono wa kumwaga haujafika.

Akatafuta nyingine, ya aina inayostahimili joto, akailehemu kwa mkono uliotulia. Akaipasha kwa draya mpaka boksi likaanza kunuka kuungua. Kimya. Kisha akafanya jambo ambalo mara mbili za kwanza hakulifanya: aliiduwaza kompyuta kwa makusudi, aone mlinzi bado yupo. Mlinzi akangoja muda wake wote uliotakiwa, kwa utulivu, ndipo akaizima na kuiwasha. Honi ikalia mara moja, ikanyamaza. Fundi akafunga sanduku. Akairudisha draya nyumbani, safi.

Na hakumwambia mtu.

Alitoka mlangoni, akawaona pale kwenye benchi, madereva na wapimaji mawe na mama wa chai, wote wamemkodolea macho na vinywa viko tayari. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo ndilo lililokuwa limegeuzwa jina lake. Akaona afadhali asubiri. Acha jua lichome bati siku kadhaa, acha pampu zote mbili zifanye kazi kwa pamoja, ajiridhishe kabisa. Kisha atasema, na hakuna atakayecheka. Akaketi, akaagiza chai, akaulizwa vipi, akasema bado anaangalia.

Siku ya kwanza ikapita bila honi. Ya pili vilevile. Siku ya tatu, zamu zikibadilishana, alikutana na Kidevu getini, kofia ya chuma mkononi, kile kijindevu chake kimejaa vumbi jeupe.

"Shemeji, leo siku ya tatu hatujaimba," alisema Kidevu. "Limekufa nini, dubwana lako? Wenzangu wanaanza kusahau maneno."

Fundi alikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni kabisa. Limepona, siku utakayolisikia panda, usikae. Lakini nyuma ya Kidevu walisimama wale wengine, wanangoja, mmoja wao tayari amejiziba mdomo kwa kiganja. Fundi akasema, "Tuombe Mungu."

"Aa, basi bado," alisema Kidevu, akampiga bega, akaenda zake akicheka.

Maji yalikuja siku iliyofuata, mchana kweupe, mama wa chai akiwa anaosha vikombe.

Honi ililia. Getini hakuna aliyegeuka. Fundi alikuwa ndani ya chumba cha pampu, anapaka mafuta kwenye beringi, na jicho lake likaenda moja kwa moja kwenye taa nyekundu aliyoifunga. Haikuwaka. Mlinzi hakuwa amefanya kitu. Akatazama kioo cha sanduku: pampu zote mbili zinavuta kwa nguvu zote, na boya limekwisha vuka mstari, linapanda bado.

Kulikuwa na simu ya waya ya kwenda shimoni. Alizungusha, akasikia inaita huko chini, ndani ya kisanduku chake penye njia panda, mbali na walipochimba. Ikaita, ikaita. Hakuna aliyepokea. Alijua wapo wapi. Alijua wamekaa kitako na zana zao ziko chini miguuni, na aliweza hata kujua wamefika neno gani.

Aliacha simu inaning'inia, akakimbia. Kwenye mdomo wa shimo upepo ulikuwa unatoka chini kwenda juu, upepo wenye harufu ya matope ya kale, na upepo haukuwahi kutoka kule. Aliinama akapiga kelele waje, wapande, ni maji ya kweli. Sauti yake ilimezwa na ile honi aliyoitengeneza. Kisha ngazi ikaanza kutikisika. Akatokea mtu, akatokea mwingine, wamelowa, wanavutana kwa kola. Watu wa getini sasa walikuwa wamefika, wanashika mikono na kuvuta. Mtu wa mwisho kutoka alikuwa jamaa mrefu aliyeitwa Ngongoti, hana kiatu kimoja, meno yanagongana.

Fundi akamshika mabega. "Kidevu yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma yangu. Alitusukuma sisi mbele."

"Mlikaa?"

Ngongoti alitazama chini ndani ya shimo, ambako sasa kulisikika sauti kama ya lori linalomwaga changarawe, haikomi.

"Tulikaa," alisema. "Ubeti ukaisha, bado inalia. Akasema leo imeamka vibaya, tuongeze kiitikio. Ndipo upepo ukatuzimia taa."

Maji yalipanda mpaka yakameza njia za chini na vipande vya mwisho vya ngazi, halafu yakatulia, meusi, vipande vya mbao vikielea juu yake. Pampu ziliendelea kuvuta. Honi iliendelea kulia mpaka meneja mwenyewe akaamuru izimwe.

Watu walianza kusema, na wote walisema jambo moja. Ile kompyuta. Yule mlinzi wao mwongo. Imelia uongo mpaka siku ya ukweli ikaua mtu. Meneja aliwaambia waliokusanyika kwamba mashine ilikuwa mbovu kwa muda mrefu, kila mtu ni shahidi, na kwamba ndivyo atakavyoeleza kwa wakubwa. Hakuna aliyemlaumu Fundi. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mama wa chai alimletea kikombe na kumshika mkono. Dereva mmoja, yuleyule aliyempa lile jina, alimpa pole kwa sauti ya kuvunjika, akasema kazi ya Mungu, wewe ulijitahidi, kidude kile kilikuwa kimeshindikana. Fundi aliitikia. Alisema ahsante. Kila aliposema ahsante alihisi anaweka jiwe juu ya jiwe.

Alikwenda nyumbani kwa miguu kuwaambia, lakini habari ilikuwa imetangulia. Saluni ilikuwa imefungwa nusu. Mteja mmoja alikaa kitini nywele zake zimesukwa upande mmoja, hajui aondoke au abaki. Mkewe alikuwa sakafuni mikononi mwa majirani, na alipomwona mumewe akaanza upya. Fundi alimwinamia, akamshika. Kisha akapita chumba cha ndani.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda chake, miguu imelingana, kitambaa cha kichwani kimefungwa sawa. Hakuwa akilia. Midomo ilikuwa inakwenda, anasali, na alipomaliza aliyokuwa akiyasema aliinua macho. Fundi akapiga magoti sakafuni mbele yake, ingawa hakuombwa.

"Nimeambiwa mashine iliongopa," alisema mama mkwe.

Neno lilikuwa pale, limeandaliwa na watu wote wa mgodini, limeshalainishwa. Ndiyo, mama. Angelisema, na lingekaa. Mama mkwe angelizeeka nalo, mkewe angelizeeka nalo, na hakuna kati yao ambaye angemtazama tofauti mezani.

"Haikuongopa," alisema Fundi. "Ilikuwa imepona. Niliiponya mwenyewe, siku chache zilizopita. Leo ililia kweli."

"Ilipona, na wao wakakaa kuimba?"

"Hawakujua kama imepona."

"Kwa nini hawakujua?"

"Sikuwaambia, mama. Jana alinitania getini, nilikuwa na la kumwambia, sikumwambia. Niliogopa kuchekwa. Nilitaka kwanza niwe na hakika."

Nje majirani walikuwa wanaimba wimbo wa msiba, chini chini, na Fundi alitamani waache. Mama mkwe aliutazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza tena, kama anayetafuta kitu alichokuwa amekishika.

"Mimi nilicheka nao mezani," alisema. "Na nikasema Mungu anatajwa." Halafu akakaza shingo. "Maji yakipungua, nani anashuka kumtoa mwanangu?"

Fundi akamwambia ni Ngongoti na wengine wa zamu, wamekataa kungoja watu wa uokoaji.

"Na honi bado ipo huko chini?"

"Ipo."

"Umewaambia hao?"

Fundi hakuwa amewaambia. Alikuwa amepokea pole zao zote, mmoja baada ya mwingine, amekunywa na chai yao, na wote wakaondoka pale wanaamini kwamba honi ile ni ya uongo.

Mama mkwe aliona jibu kabla hajalitoa. Hakupandisha sauti. "Basi usinililie mimi," alisema. "Inuka uende. Mambo yetu wewe na mimi yatangoja."

Aliinuka. Alipita saluni bila kumtazama mtu, akatoka, na njia aliyoizoea kwa kutembea akaikimbia, viatu vya kazi vikimpiga visigino. Alipofika jua lilikuwa limeinama lakini halijatua. Maji yalikuwa yameshuka, ngazi imetoka matope matupu, na Ngongoti amejifunga kamba kiunoni, mguu mmoja tayari uko kwenye ngazi. Fundi aliwaambia wasimame. Walisimama kwa sababu ya uso wake.

Aliwaambia yote pale, mbele ya meneja, mbele ya madereva na mama wa chai. Kwamba aliugundua ugonjwa wa honi na akauponya. Kwamba leo mlinzi hakugusa kitu. Kwamba alinyamaza. Hakupamba. Hakuna aliyemkatiza, na alipomaliza hakuna aliyempa pole tena. Mmoja wa zamu alitema mate chini, akageuka akatazama upande mwingine. Meneja alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hakuwa na haja ya kusema hayo, naye Fundi akawa kama hakumsikia.

"Nawasha honi sasa," alisema Fundi. "Ikilia, msikae. Pandeni."

Macho ya Ngongoti yalikuwa mekundu, na kamba ilimkaza kiunoni. "Una hakika imepona?"

"Sina," alisema Fundi. "Pandeni hata hivyo."

Walishuka. Fundi alikwenda kwenye chumba cha pampu, akawasha honi, akabana mlango kwa tofali ili aone sanduku na mdomo wa shimo kwa pamoja. Hawakuwa wamekaa chini sana honi ilipolia. Alitazama boya, limepanda. Alikimbilia kwenye shimo, na ngazi ilikuwa tayari inatikisika. Walitoka wote, haraka, kimya, wanahema, mikono mitupu. Walisubiri. Maji hayakuja. Ngongoti alivuta kamba ya boya mpaka boya likatokea juu, akakuta ubao uliokatika umenasa chini yake; ndio uliokuwa umeliinua.

Waliutoa ubao wakautupa pembeni, wakaliteremsha boya, wakakaa kidogo mpaka miguu ikaacha kutetemeka, kisha Ngongoti akaikaza kamba yake upya na wakashuka tena kumtafuta Kidevu.